Kanuni Iliyoficha Ilani ya Korosho

Mwanangu, mpaka leo simu ikilia jikoni moyo hunienda mbio. Nakumbuka nilikuwa msichana, natengeneza kurasa za mtandao hapa Kona ya Musa na kujiona fundi hasa. Bi Mwanamisi, aliyekuwa akipika chakula cha kuagizwa, aliniambia, “Mwanangu, Idi imeshakwisha. Niondolee zile ilani za Idi kwenye ukurasa wangu.”

Zilikuwa ilani kumi na mbili, kila moja na jina lake: ilani-idi-saa, ilani-idi-biriani, na kadhalika. Nikaona uvivu kuzitaja moja moja. CSS, ile lugha ya kuupamba ukurasa, hukuruhusu kukamata kwa mstari mmoja vitu vyote ambavyo majina yake yanaanza sawa. Nikaandika [id^="ilani-"], nikaamuru vifichwe. Nikafunga kompyuta, nikaenda zangu.

Kesho yake adhuhuri Bi Mwanamisi akanipigia simu. “Ilani ya korosho i wapi?”

Mwalimu mmoja wa Mkongani, ambaye korosho humvimbisha koo, hakuwa akiagiza kitu kabla ya kuusoma ukurasa ule. Siku hiyo hakuona ilani, akala kuku wa kupaka mwenye korosho. Alikuwa hospitalini, pumzi hazimtoki. Nilifungua kompyuta. Nilitumwa kuficha kumi na mbili, nikaficha kumi na tatu: ya mwisho ilikuwa ilani-korosho, iliyowaonya wanaodhurika na korosho. Niliogopa, mwanangu, nikairudisha ilani, nikakimbilia kwake. Je, nimeua mtu?

Nilipofika kwake, Bi Mwanamisi hakunigombeza. Alinishika mkono, akaniingiza jikoni, akaita, “Mwana!” Wapishi watatu wakageuka pamoja: Mwanaisha, Mwanakombo na Mwanasha. “Nilimtaka Mwanaisha tu,” akaniambia. “Umeona? Ndivyo ulivyoziita zile ilani.”

Tukakaa tukiitazama simu. Ilipolia, alasiri, sikuthubutu kuishika. Akapokea yeye. Mwalimu alikuwa amepata nafuu.

Basi nakuusia. Majina yakifanana, andika mpaka pale yanapoachana; ningeandika [id^="ilani-idi-"] mwalimu asingedhurika. Kisha hesabu ulivyovikamata, ukisome kila kimoja kabla ya kukificha. Na ukihisi woga kidogo usione aibu, mimi ninao hadi leo.

Mwenyezi Mungu aitie baraka kazi ya mikono yako, mwanangu, wala asikuonjeshe kungoja simu kama ile.