Harusi ambayo Mama Besi hakupiga muziki

Saa nne asubuhi, Mama Besi anasimama katikati ya ukumbi mtupu na kupiga makofi mara mbili. Anasikiliza. Anasogea mpaka pembe iliyo karibu na mlango wa jikoni, anapiga tena, kisha anatikisa kichwa.

“Pembe hii ina mwangwi,” anasema. “Ukiweka spika hapa, wazee watalalamika muziki uko juu, na vijana watalalamika hausikiki. Na wote watakuwa wamesema kweli.”

Anavuta waya mweusi kwenye sakafu, anaubandika kwa utepe wa gundi ili mtu asijikwae, halafu anapanda kiti cha plastiki kukagua soketi ya ukutani. Maharusi wataingia saa tisa. Mpaka hapo atakuwa amejaribu kila maikrofoni kwa kuhesabu moja mpaka kumi, na kila anayepita atakuwa ameshamwambia kwamba inasikika.

Ana miaka hamsini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameipitisha nyuma ya mashine. Kwa hesabu yake ya haraka, amepiga muziki kwenye harusi zaidi ya mia sita. Jina la Mama Besi alipewa na wateja, kwa sababu ya ule uzito wa muziki wake unaotingisha glasi mezani.

Lakini harusi anayoikumbuka kuliko zote ni moja ambayo hakugusa hata swichi. Ilikuwa harusi ya binti yake wa pekee.

Kazi hii aliianza kwa bahati. Alikuwa mfagiaji wa ukumbi, ameachana na mume wake, analea mtoto wa miaka saba. Jumamosi moja mpiga muziki hakutokea, na kamati ikabaki inashika vichwa. Yeye alikuwa amefagia chini ya mashine zile kwa miaka mitatu huku akitazama vidole vya wapiga muziki. Akaweka fagio chini, akawasha.

“Sikujua jina la kitufe hata kimoja,” anasema. “Nilijua tu kinachofuata.”

Kazi ikakua. Alipata harusi nne kwa mwezi, na ujira wa moja ulitosha kodi ya nyumba ya miezi miwili. Binti akasoma mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Mashine zikiharibika, alizipeleka kwa fundi wa redio mmoja mpole, mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta. Fundi huyo anaitwa Kidole, kwa kuwa hujaribu kila kitu kwa kidole kimoja tu cha shahada. Kwa miaka minane Kidole alimtengenezea amplifaya zake. Kisha akanunua za kwake.

Mama Besi hamung'unyi maneno kuhusu jambo hilo. “Nilimpa kazi ya kufungua mashine zangu, akafungua na soko langu.”

Ndani ya miaka miwili, harusi nne za mwezi zikawa mbili, kisha miezi mingine moja. Kila kamati aliyokwenda kujieleza aliambiwa wangemjulisha, na Jumamosi iliyofuata alipita nje ya ukumbi uleule akasikia muziki wa Kidole. Wakikutana njiani, Kidole humwamkia shikamoo kwa heshima zote. Hiyo shikamoo, anasema Mama Besi, ndiyo ilikuwa ikimkera zaidi. Angekuwa mjeuri, angepata pa kumshika.

Hivyo binti yake alipoposwa, Mama Besi aliona mbingu zimemfungukia. Hapo hapakuwa na kujieleza mbele ya kamati. Alipaka masanduku ya spika rangi nyeupe ili yaendane na mapambo. Alinunua waya mpya. Usiku alilala akipanga nyimbo.

Kikao cha kamati kilifanyika Jumapili mchana, sebuleni kwa dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Walimaliza chakula, wakamaliza mapambo. Katibu, shemeji wa bwana harusi, akafika kwenye muziki na kusoma kilichoandikwa: Kidole.

Mama Besi alidhani amesikia vibaya. Akatazama watu, na watu wakatazama vikombe vyao vya chai. Dada yake akasema taratibu kwamba ni chaguo la bibi harusi mwenyewe, na kwamba, mdogo wangu, kinyozi hajinyoi.

“Nilicheka,” anasimulia Mama Besi. “Nilicheka kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu mbele ya wakwe.”

Alimfuata binti yake jikoni. Binti alikuwa anaosha vikombe, na hakugeuka. Alisema anataka mama yake akae mezani siku hiyo, avae vizuri, apigwe picha na watu wengine. Mama Besi alisikia maneno mazuri, lakini hayakumwingia. Aliwahi kuyasema maneno kama hayo mwenyewe, kwa wateja aliotaka kuwakataa bila kuwaudhi.

Wiki mbili hakulala vizuri. Hakula vizuri pia. Dada yake alimpigia simu kila jioni kumwambia aache kijicho, ni mtu mzima, na kila jioni alijibu kwamba hana kijicho na mtu.

“Nilikuwa nacho,” anasema sasa, akinyoosha waya kwa mguu. “Nilikuwa nikisikia jina lake natamani umeme ukatike mji mzima.”

Jumamosi ya tatu alifanya jambo ambalo anasema angependa gazeti liliandike kama lilivyo. Alijifunga mtandio mpaka puani, akaenda kwenye harusi asiyoalikwa, ambako Kidole alikuwa akipiga, akasimama dirishani upande wa jikoni. Alikwenda kutafuta kosa.

Makosa aliyapata. Kidole alibadilisha nyimbo taratibu mno, na alizungumza na mashine zake badala ya kutazama watu. Mama Besi akaanza kupumua vizuri. Kisha ukaja wimbo wa zamani ambao karibu ukumbi mzima haukuujua, wimbo ambao yeye asingethubutu kuupiga saa ile, watu wakiwa wamechangamka. Akasubiri waketi.

Babu mmoja aliyekuwa meza ya nyuma akainuka. Alikuwa babu wa bibi harusi. Akaweka bakora mezani, akatembea peke yake mpaka katikati, na wajukuu zake wakamfuata mmoja mmoja. Bibi harusi alikuwa akilia na kucheza kwa pamoja.

Mama Besi alibaki dirishani akijiuliza huyu fundi wa redio alijuaje. Hakupata muda wa kujijibu, kwa sababu Kidole alitoka kuvuta hewa na kumkuta hapohapo, na mtandio wake.

Alimwamkia. Alimkaribisha ndani ale. Mama Besi alipokataa, na kumuuliza kuhusu wimbo wa babu, Kidole alimweleza bila kuficha. Huwa anaitembelea familia wiki tatu kabla ya harusi, anaanza na maharusi, kisha anakaa na kila mmoja wa karibu, anamuuliza wimbo anaoupenda na sababu yake, na kuandika kwenye daftari. Akalitoa mfukoni. Na kwa kuwa alidhani atamfurahisha, akamfungulia Mama Besi ukurasa wa binti yake.

Namba moja ulikuwa wimbo wa gitaa, wa polepole. Mama Besi hakuufahamu.

“Mimi,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kufanya kazi. “Muziki ndio kazi yangu. Mtoto ni wangu. Na mtu baki anajua wimbo wa mwanangu, mimi siujui. Ule wivu wa kwanza ulikuwa wa mkate. Huu ulikuwa wa tumbo la uzazi kabisa.”

Alikwenda moja kwa moja kwa binti yake, hata mtandio hakuuvua. Alimuuliza wimbo ule ulitoka wapi, na kwa nini aliambiwa Kidole.

Binti, ambaye sasa ana miaka ishirini na sita, anakumbuka mazungumzo hayo neno kwa neno. Alimweleza mama yake kwamba zile Jumamosi za utotoni, akiwa amefungiwa ndani na sahani ya chakula iliyofunikwa, jirani alikuwa akiwasha redio. Kila Jumamosi, kabla ya taarifa ya habari, ulipigwa wimbo huo. Ulipoisha, alijua mama hatachelewa sana.

“Nikamwambia, mama, Kidole aliambiwa kwa sababu aliuliza,” anasema binti. “Sikumwambia kwa ubaya. Lakini nilikuwa nimelibeba siku nyingi.”

Mama Besi anasema alitaka kumkumbusha kwamba zile Jumamosi ndizo zilizomsomesha, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Akalimeza. Waliketi kitandani wawili hao mpaka chumba kikaingia giza, bila mmoja kuwasha taa.

Siku ya harusi alivaa gauni la rangi ya zambarau alilochaguliwa na dada yake, akaketi meza ya mbele, mikono mapajani. Spika zake nyeupe zilibaki nyumbani zimefunikwa shuka.

Mkwe wake mwanamume, baba wa bwana harusi, aliposimama kutoa nasaha, maikrofoni ilianza kupiga mluzi. Mama Besi alijua sababu mara moja: mzee yule alikuwa amesimama mbele ya spika. Alipaswa tu kuambiwa asogee hatua mbili. Mluzi ukazidi. Watoto wakaziba masikio. Dada yake akamgusa goti chini ya meza, akimaanisha asaidie.

Hakuinuka.

“Nilifurahi,” anasema. “Andika hivyohivyo. Harusi ya mwanangu inaharibika na mimi moyoni nacheka. Halafu nikamwona binti yangu ananitazama. Hakuwa anatazama mashine. Alinitazama mimi, na alijua.”

Furaha ile haikudumu hata dakika moja. Kidole alimshika mzee kiwiko, akamsogeza, mluzi ukakatika, na watu wakampigia makofi. Mama Besi anasema hajawahi kuona aibu kama aliyoiona pale, ingawa hakuna aliyemsema.

Baadaye gitaa la polepole likaanza. Binti akavuka ukumbi na gauni lake refu, akamshika mama yake mkono, akamwinua. Katika harusi mia sita, Mama Besi hakuwahi kucheza hata moja. Hakujua mikono anaiweka wapi, na alimkanyaga bibi harusi mara mbili.

“Nilimwomba msamaha,” anasema. “Alidhani naomba kwa kumkanyaga. Nikamwambia hapana, kwa yote. Akaniambia, mama, cheza.”

Tulimtembelea Kidole kwenye kibanda chake, ambacho bado anakifungua siku za kazi. Tulimuuliza anamwonaje mshindani wake. Alifikiri kidogo, akijaribu betri kwa kidole chake.

“Mama akiingia ukumbini anajua nani ana huzuni na nani anataka kucheza ila anaona haya,” alisema. “Mimi siwezi. Watu siwasomi, ndiyo maana nauliza na kuandika. Nina wivu naye, tangu zamani.”

Tulipomfikishia Mama Besi maneno hayo, aliomba yarudiwe. Tukayarudia. Akauliza kama tuna hakika alitumia neno wivu.

Tangu harusi ile, naye ananunua madaftari. Bibi harusi wa leo, Mama Besi alimtembelea mara mbili, akazungumza na mama mkubwa wake asiyesikia vizuri, anayependa tu muziki anaoweza kuuhisi kwenye miguu. Besi itakuwapo. Harusi zake zimerudi kuwa tatu kwa mwezi, na hazidi hapo kwa kupenda kwake: Jumamosi moja ni ya binti.

Wivu haujaisha. Mwezi ujao kamati moja imewaita wote wawili, yeye saa nane na Kidole saa tisa, na Mama Besi tayari anapanga kuchelewa kutoka ili wakutane mlangoni na amwone akitoka jasho.

Mpango wake mkubwa zaidi, hata hivyo, hauhusu kamati ya mtu mwingine. Seremala anayemtengenezea masanduku ya spika, mgane mwenye ucheshi wa chinichini, amemposa, naye amekubali. Ndoa ni baada ya miezi mitatu. Binti ndiye mwenyekiti wa kamati, na swali la kwanza alilowekewa mezani ni nani atapiga muziki.

Mama Besi amesema hapigi yeye. Kidole pia hapigi. Anaunganisha waya wa mwisho, anawasha, na taa nyekundu inawaka.

“Kidole nimemwalika kama mgeni, na mke wake,” anasema. “Nataka akae meza moja na mimi, ale, ashibe. Muziki nimeutafutia mtu asiyejua kupiga kabisa. Nataka tuteseke wote wawili.”