Taa ya Simbilisi na Kifuniko cha Kioo

Mimi kioo nakijua. Shule niliishia darasa la nne kule Tura, nikaja Tabora mjini na kaptura niliyovaa, nikaanza kubeba vioo vya watu mgongoni vikiwa vimefungwa magunia. Leo nina duka langu la alumini na vioo, nina mafundi, na madirisha mengi unayoyaona hapa mjini yamepita mikononi mwangu. Sijisifu, ndivyo yalivyo. Kwa hiyo mtu akisema kioo changu kina kasoro, nasikia kama amenitukania mama yangu.

Binti yangu wa mwisho anafuga simbilisi, vile vinyama vya manyoya visivyo na mkia vinavyopiga mluzi vikisikia mfuko wa majani. Zamani alikuwa akiwatoa uani waote jua, mpaka siku mwewe aliposhuka akanyakua mmoja mbele ya macho yetu. Tangu hapo wakafungiwa chumba cha nyuma, kile chenye kivuli siku nzima. Haikupita muda mrefu, jike mmoja akaanza kuburuta miguu ya nyuma. Na alikuwa na mimba.

Daktari wa mifugo alimpapasa mifupa, akatoa dawa ya matone, akasema, "Hawa wamekosa jua. Kama hamwezi kuwatoa nje, tafuteni taa ya UVB, inatoa miale kama ya jua inayosaidia mwili kutengeneza vitamini D. Huyu akizaa akiwa dhaifu hivi, sijui."

Hiyo "sijui" yake ilimliza binti yangu njia nzima. Mimi nikamwambia, "Nyamaza mama, baba yako yupo."

Nikaipata taa kwa muuzaji mmoja Dar es Salaam, akaipakia kwenye basi. Tulipozungumza kwa simu akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Tabora, Mnyamwezi halisi. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mtani wangu! Mimi Mzaramo. Babu zako walitembea na pembe za ndovu mabegani kutoka huko mpaka kwetu, walipoiona bahari wakauliza nani kamwaga maji." Nikamjibu, "Na babu zako walikuwa wamelala wakingoja babu zangu wawaletee cha kuuza." Basi, urafiki ukaanza hapo.

Taa ikafika. Sasa mimi si mtu wa kuweka kitu kizuri kwenye boksi la mbao. Nilitengeneza nyumba ya simbilisi kwa mkono wangu mwenyewe: fremu za alumini, vioo pande zote, matundu ya hewa chini, na juu kifuniko cha kioo safi kabisa, nikafunga taa juu ya kifuniko. Ilipowaka, chumba kilikuwa kama duka la dhahabu. Nilileta majirani waone. Hata wakwe zangu walikuja.

Siku zikapita. Matone tunatoa, taa inawaka, yule jike anaburuta vilevile. Tumbo linakua, miguu inalegea. Binti yangu akawa anakula chumba cha nyuma, kando yake. Nikampigia muuzaji nikiwa nimewaka.

"Mtani, umeniuzia taa ya sebuleni!"

"Taa ni nzima. Umeifunga wapi?"

"Juu ya kifuniko cha kioo."

"Ndiyo hapo. Kioo kinazuia miale hiyo. Toa kioo, weka wavu."

Nikacheka. Kioo kizuie mwanga! Anamwambia nani? "Mzaramo wewe, unataka kunifundisha kioo? Mwanga wote unapita, nauona kwa macho yangu."

"Unaouona unapita. Usiouona haupiti."

"Mtani, hiyo kawaambie wenzako huko kwenye madafu."

"Naweka utani pembeni kaka. Nasema kweli."

Sasa niambieni, mtani gani hajawahi kusema anaweka utani pembeni? Ndipo anapokuchoma vizuri. Mjomba wangu aliwahi kuambiwa na mtani wake, kwa sura ya msiba kabisa, kwamba ng'ombe wake wameingia kituo cha polisi. Alikimbia na shuka. Nikakata simu.

Binti yangu alikuwa mlangoni. "Baba, amesema nini?"

"Utani tu."

"Na kama si utani?"

"Mimi nauza kioo, yeye anauza taa. Nani anajua kioo?"

Akaingia chumbani, akambeba yule jike na kumweka mapajani. Miguu ya nyuma ilining'inia kama soksi. Akasema polepole, bila kuniangalia, "Baba, kwenye boksi la taa kulikuwa na kadi ya kupimia. Nyeupe. Inageuka zambarau ikipata ile miale. Tujaribu tu."

Tukajaribu. Kadi chini ya taa bila kioo: zambarau. Kadi chini ya kifuniko changu: nyeupe, kama mgonjwa. Nikasema kioo hicho ni kinene. Nikaenda dukani nikaleta chembamba kuliko vyote nilivyonavyo. Nyeupe. Nikaleta kingine cha kiwanda tofauti, nikakifuta kwa kitambaa safi, nikakipulizia pumzi, nikakifuta tena. Nyeupe. Nilihisi hasira ya ajabu, sijui kwa nani. Miaka yote nauza kitu, nakikata, nakibeba, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kinachagua cha kupitisha.

Kifuniko nikakitoa. Nikafunga wavu wa chuma wenye matundu mapana, taa ikasogezwa kwa umbali alioandika yule Mzaramo kwenye boksi, na upande mmoja tukaweka kibanda cha mbao wajifiche wakichoka na mwanga. Nyumba ikawa mbaya kama banda la kuku wa Urambo. Majirani wakauliza kioo kimevunjika? Nikawafungia mlango.

Jike alizaa. Watoto walikuwa wawili, mmoja mfu. Yule mzima alizaliwa na manyoya na macho wazi, akaanza kukimbia kama ana safari. Mama yake amepona nusu: anasimama, anatembea upande upande, halafu anaketi ghafla. Daktari anasema mguu mmoja huenda ukabaki hivyo.

Binti yangu anasema tushukuru. Mimi siwezi. Kila asubuhi namnyooshea yule jike jani la mchicha juu kidogo, ili ajinyanyue alifuate. Nina mafundi wanaosimama nikikohoa tu. Huyu ananitazama, anajivuta, anafika nusu, anaanguka.

"Tena," namwambia. "Tena, mama."