Gonga Dari Kwanza

Daktari wa macho hakuzunguka. Alisema jicho la kulia la baba limekwisha, na la kushoto limebakiwa na mwanga kidogo ambao nao hautakaa. Ni presha ya macho, akasema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Baba alimshukuru, akavaa kofia yake, akaniuliza kama basi la kumrudisha kijijini kwake Didia tutaliwahi. Niliyelia ni mimi, tena kwenye benchi mbele za watu.

Tukiwa ndani ya basi akanigusa goti. "Lile gemu lenu la utotoni bado lipo?"

Nilidhani anatania ili ninyamaze. Baba ana tabia hiyo, ukilia yeye anakuletea mambo ya kipuuzi.

"Ile siku tuliyotokea juu," akasema. "Ningependa nipaone tena pale kabla giza halijafunga."

Nilijua mara moja anazungumzia siku gani, na kwamba hatanii.

Baba alikuwa fundi wa matimba katika machimbo ya Geita. Kule shimo la dhahabu huitwa duara, na matimba ni magogo yanayofungwa ndani yake ili kuta na dari zisiwaangukie waliomo. Kabla wenzake hawajapita, yeye hutangulia na mti mkononi, anagonga dari, anasikiliza. Mwamba mzima una sauti yake na uliolegea una yake. Kundi lao lilikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwingine: anayetoka duarani lazima asalimiwe na waliosimama mdomoni, na salamu yenyewe ni "mwangaluka", ambayo kwa Kisukuma ni ya asubuhi. Hata kama ni saa kumi jioni, ni mwangaluka. Kwao, kwa aliyetoka chini ndiyo kwanza kumekucha, na asiposalimiwa anasimama palepale akisubiri haki yake.

Sisi watoto tulikaa na mama Shinyanga mjini, na baba alikuja kwa nadra. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka la vitenge, na sebuleni kwake kulikuwa na televisheni na gemu la kanda. Alituruhusu kucheza mchana mradi tuvue viatu. Ulichukua kanda, ukaipuliza vumbi, ukaichomeka, ukaomba Mungu iwake. Ikiwaka, kilitokea kimtu kifupi chenye kofia ya njano, kinakimbia, kinaruka mashimo, kinapiga matofali kwa kichwa. Niliipenda ile kazi kupita kula.

Siku moja baba alikuja kuniita kwa chakula, akakuta kimtu changu kinazama kwenye bomba kwenda chini ya ardhi. Chini kulikuwa na giza tupu, matofali juu, matofali chini. Baba akasimama mlangoni na soksi zake.

"Huyo anakwenda wapi bila kugonga dari?"

"Baba, hili halianguki."

"Nani kakwambia?"

Mwenye nyumba akamkaribisha kiti, na kuanzia hapo mimi sikucheza tena, niliendeshwa. Kila kimtu kilipozama, nilisikia nyuma yangu, "Gonga dari kwanza." Nikawa nakirusha, kinapiga tofali kwa kichwa, nasogea hatua, narusha tena. Saa ya gemu inakwisha, kimtu kinakufa, tunaanza upya. Watoto wenzangu walichoka, wakaenda zao kucheza mpira. Kofia ya kile kimtu nayo ilimkera. Mtu gani, akasema, anashuka chini bila tochi.

Tukafika sehemu yenye vibao vinavyopanda na kushuka, ambavyo baba aliviita winchi, kama ile ya duarani kwao. Baada yake dari lilikuwa limeshuka chini kabisa. Hapo baba hakupapenda hata kidogo. "Hapajafungwa matimba," akasema, na akanigongesha tofali baada ya tofali kuanzia ukutani. Mimi nikiwa nimenuna, tofali moja likafunguka. Mmea ukatoka ndani yake, ukapanda, ukapanda, ukatoboa dari.

Nikakipandisha kimtu. Giza likashuka chini ya kioo na kupotea, na sebule nzima ikajaa mwanga. Tulikuwa mawinguni. Hapakuwa na adui, hapakuwa na shimo, anga tu nyeupe na buluu pande zote. Hakuna mtoto mtaani kwetu aliyewahi kupajua pale, wala mwenye gemu mwenyewe. Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama, kofia yake ameivua na kuishika kifuani.

"Mwangaluka," akakiambia kile kimtu.

Mama wa vitenge alianza kucheka, kisha akamtazama baba usoni akaacha.

Sasa mimi ni fundi cherehani Geita mjini, mwenye mvi na miwani. Wiki ile ile ya daktari nilizunguka maduka ya vifaa vya simu mpaka nikapata kidude cha kushika mikononi, kilichojazwa gemu za zamani. Kijana wa duka aliniuliza ni cha mtoto wa umri gani. Nikamwambia ni cha mzee, akakitia kwenye mfuko.

Nilikiwasha nikiwa nyuma ya cherehani. Muziki ulipoanza nilibaki nimeshikilia mkasi hewani. Kisha vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Vilijua wapi pa kuruka kabla mimi sijajua. Wale wadudu wawili waliokuwa wakitoka nyuma ya bomba, mmoja mbele na mwenzake nyuma, walitoka. Lile duka la vitenge lilishavunjwa, mama yangu tulishamzika, machimbo aliyofanyia kazi baba yamefukiwa, na wadudu wawili bado wanatoka palepale na kwenda upande uleule. Sijui nilieleze vipi. Niliona kama nimefungua mlango nikakuta utoto wangu umekaa kitini unanisubiri, wala haujanuna. Wateja waliokuja kuchukua nguo zao walinikuta nimekodoa macho, na nguo hazijaguswa.

Ila tofali lile sikulipata. Nilishuka chini ya ardhi, nikagonga hapa, nikagonga pale, dari likabaki dari. Nikashuka tena kwa bomba lingine. Hakuna. Nikaanza kuogopa kwamba hii ni kanda nyingine, au kwamba tulipaota wote wawili. Na kila nikipiga simu Didia nilimuuliza baba anaonaje, naye anajibu kwamba anaona mlango ukiwa wazi. Mwisho nikafunga duka nikapanda basi, tofali nikiwa sijaliona.

Nilimkuta amekaa barazani, mbuzi wanamzunguka. Nikampa shikamoo, nikamwekea kile kidude mikononi. Akakisogeza kwenye jicho la kushoto hadi kikagusa kope.

"Naona kama moshi," akasema.

Nilichelewa. Kioo chenyewe kidogo, jua la Didia kali, na jicho ndilo hilo. Nilitaka nikichukue nikifiche tuzungumze habari za mvua. Baba akainuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani.

"Njoo ufunge mlango, mama," akaniita, maana huniita hivyo. "Na dirisha."

Saa sita mchana tukakaa gizani kitandani kwake, bega kwa bega, kidude nimekishika karibu na uso wake. Nje mbuzi walilia.

"Tuko wapi?"

"Tumeshuka chini."

"Kweli, kumekuwa kweusi. Winchi umeipita?"

"Nimeipita."

"Ile moja, au ile ya mbili, moja inapanda na nyingine inashuka?"

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna ya mbili. Huko Geita nilikuwa nagonga mapema mno, mbali kabisa na mahali penyewe. Nikaendelea mbele, nikaivuka ile ya mbili.

"Dari limeshuka?"

"Limeshuka, baba. Linakaribia kofia."

"Hapo. Gonga kuanzia ukutani, usiruke hata moja."

Nikagonga. Kimya. Nikasogea, nikagonga. Baba aliinamisha kichwa akisikiliza, kama kwamba wako watu nyuma yetu wanaomtegemea. Nikagonga tena, na tena, na tofali likafunguka. Mmea ukatoka. Lilikuwepo miaka yote hiyo. Nikakipandisha kimtu, na giza likaanza kushuka chini ya kioo.

Kisha kioo chote kikawa anga.

Mle ndani hapakuwa na mwanga mwingine, kwa hiyo wote ulimwangukia baba usoni. Niliona kila mkunjo, ndevu nyeupe, kovu la shavuni alilotoka nalo Geita, na lile jicho la kushoto limefunguka wazi kabisa. Alivua kofia akaiweka kwenye goti. Mimi nilishaliangalia lile wingu utotoni, lakini uso wake ukimulikwa nalo sikuwahi kuutazama karibu hivi, kwa sababu wakati ule alikuwa nyuma yangu. Mbuzi wakanyamaza, au mimi sikuwasikia tena.

Tulikaa hivyo kitambo. Kisha akanigeukia, amekunja uso wa mtu anayekaribia kukasirika.

"Mbona hunisalimu?" akasema. "Nimetoka."

"Mwangaluka, baba," nikamwambia.