Programu Isiyojua Kungoja

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifundisha kompyuta katika chumba kimoja cha mabati pale kituo cha basi cha Kawangware 46, na nilikuwa na raha kuliko wengi wenye kazi za maana. Jirani yangu wa ploti, ua la vyumba vya kupanga huko mtaani Kianda, mama wa kutoka kandokando ya ziwa aliyefulia watu nguo, alikuwa mwanafunzi wangu. Tulitembea pamoja kwenda na kurudi. Jumamosi ile angepokea cheti, na Jumapili alikuwa ameahidi kanisa zima kwamba angekipeleka mbele kutoa shukrani.

"Mwalimu, usiniangushe," aliniambia Ijumaa. "Nishatangazia watu wote."

Kumwangusha? Mimi niliyeandika programu mpya ya vyeti, yenye vitufe vya rangi? Majina ya wanafunzi yalikaa ndani ya programu kuukuu ya DOS, skrini nyeusi tupu, ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Kwa hiyo yangu iliiamuru kutoka nje: amka, andika majina kwenye faili, nami nitayasoma. Nilibonyeza. Printa ikalia kwa madaha, ikatoa vyeti maridadi visivyo na jina hata moja.

Nilikasirika, nikaitukana mashine, nikachomoa waya. Nikajaribu tena, yakawa yaleyale. Nilipolifungua faili mwenyewe, majina yote yalikuwemo. Hapo ndipo nilipoelewa. Programu yangu ilikuwa ikitoa amri na kuendelea na shughuli zake papo hapo. Mzee wa DOS alipomaliza kuandika, mwenzake alikuwa ameshachapa hewa.

Ingengojaje? Zilikuwa programu mbili zisizoonana. Jibu nililipata Jumamosi asubuhi, nikiwa na ndoo yangu nje ya bafu la ploti. Kwetu taulo likining'inia juu ya mlango, kuna mtu, likitolewa, unaingia. Hakuna anayebisha wala kuuliza. Siku hiyo nilioga mbio mbio.

Darasani nikaifanya programu yangu iunde kwanza faili tupu, nikaliita TAULO, ndipo iite ile ya DOS. Bila kuigusa hiyo ya DOS, nyuma yake nikapanga amri moja ya mwisho: majina yakishaandikwa, TAULO ifutwe. Yangu kazi yake ikawa kuchungulia mpaka faili hilo litoweke. Nikabonyeza. Printa ikanyamaza kidogo, kisha majina yakaanza kutoka. Nilipiga kelele za furaha mpaka muuza makaa wa mlango wa pili akaja kuangalia kuna nini.

Jirani yangu alikishika cheti kwa ncha za vidole, akayasoma majina yake matatu kwa sauti. Kule ploti sote tulimwita kwa jina la kifungua mimba wake, hata mimi mwalimu wake.

"Leo usiniite mama ya mtu," akasema. "Niite vile imeandikwa hapa."

Njia nzima kurudi Kianda nilimwita hivyo, hata nilipokuwa sina la kusema, naye kila mara akaitika.