Mashini ya Reli

Mufanyabiashara alituwekea mashini mbili za kukata mbao juu ya meza ya duka lake, mimi na shemeji yangu, bwana ya dada yangu. Siye wawili tunafanya useremala mu atelie yetu ya mutaa wa Saio tangu tulipokimbia vita ya Djugu. Mashini ya kwanza inashuka tu: unakandamiza mukono wake, kisu cha muviringo kinakula ubao, basi. Ya pili iko na reli. Kisu kikishuka, unakivuta na kukisukuma, kinapita hata mu ubao mupana.

Mimi nilikuwa nimechagua mbele ya kutoka nyumbani. Ya kushuka. Ni nyepesi, haina reli za kulegea na vumbi yetu, na atelie iko ndogo, ukigeuka vibaya unagonga ukuta. Lakini sitadanganya, sababu ya kweli ilikuwa ingine. Ubao mupana, kwetu, ulikuwa wa masanduku ya wafu. Miaka ile mibaya tuliyatengeneza mupaka nikachukia harufu ya mbao mbichi. Nikajiambia, tukikosa mashini ya ubao mupana, watu watatuletea viti na madirisha, masanduku yaende kwa wengine. Ujinga? Labda. Nilikuwa nimechoka, haki ya Mungu.

Shemeji, yeye, alizunguka ile ya reli kama mutu anayenunua mbuzi. Akaivuta, akairudisha, akachungulia chini. Nikamuambia twende. Akatoa kamba yenye kifundo mu mufuko, akailaza juu ya mashini, pale ubao unapolala.

Hasira ikanipanda. Kwetu, mutu akifa, familia inaleta kamba kwa seremala. Wameipima kwa maiti: kifundo cha urefu, kifundo cha mabega. Seremala haulizi kitu, anaipokea na kuanza kazi. Nilimuuliza, mbele ya wateja wote, ni nani amekufa na mimi sijui, ao anangojea nani afe. Nilisema na mengine ambayo mama yangu angenipigia kofi.

Aliniacha nikaishiwa pumzi. Shemeji hakasiriki haraka. Ndiyo sababu dada yangu alimupenda, na ndiyo sababu mimi ananichosha.

"Kamba hii ni ya dada yako," akasema.

Nikaikamata kamba kutafuta kifundo cha mabega, ijapo asubuhi ile nilimuacha dada muzima, anatwanga sombe ya majani ya mihogo.

"Hakupima mutu. Alipima ukuta."

Kumbe dada, alipokwenda na wamama wengine kuangalia mashamba ya Djugu, alifika mupaka kwenye nyumba yao. Mimi aliniletea habari ya mihogo tu. Mabati yaliibwa, milango ilichomwa, lakini kuta za matofali zingali zinasimama. Akaingia pale mulango ulipokuwa, akapima unene wa ukuta na kamba ya kufungia kuni. Kadre, ile fremu ya mulango, kwetu, inafunika unene wote wa ukuta, kwa hiyo inaomba ubao mupana, na kona zake zikatwe sawasawa. Ile mashini yangu ya kushuka ingefika katikati tu.

Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama wanataka kurudi kweli.

"Anataka kadre ya mbele, ya nyuma, na ya chumba chako," akasema. "Anasema weye hautabaki Saio peke yako."

Tukalipa, nikabeba ile ya reli mimi mwenyewe mupaka kwa pikipiki. Ilikuwa nzito, na sikutaka shemeji aone uso wangu.