Gunia la Wimbi Kati Yetu

Katika miaka ile ya sitini, kati ya mto Malaba na ziwa, watu wenye pikipiki ungeweza kuwahesabu kwa vidole, na katika hao hakuna aliyezijua barabara kunishinda mimi. Siombi radhi kwa kusema hivyo. Nilikuwa bwana shamba wa pamba. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mashambani kutoka Mella hadi Mulanda, ambako ndiko nilikozaliwa, na idara ilinipa pikipiki ya Kiingereza yenye tangi jeusi na sauti nzito. Siku za kazi ilikuwa ya serikali. Siku za likizo ilikuwa yangu.

Niliipanda mpaka Kisumu kwa njia ya Busia, nikapita Maseno na kuliona ziwa limelala chini kule, jeupe kwa jua la mchana. Niliipanda hadi Eldoret na kuendelea Timboroa, baridi ikanishika vidole vikagoma kubana klachi, nikalazimika kusimama na kuikumbatia injini ili nipate joto. Wachungaji wa ng'ombe walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini barabara niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya hapa hapa, Tororo kwenda Mbale. Unauacha mwamba wa Tororo mgongoni, umesimama peke yake juu ya mji, na mbele yako mlima Masaba unajitokeza kidogo kidogo. Kwanza ni rangi ya buluu tu, kisha unaona mikunjo, kisha kuta za mawe na maji membamba yakiporomoka. Asubuhi baada ya mvua nilikuwa naimba peke yangu humo njiani, na sauti yangu si ya kuimba.

Hata hivyo, safari ninayoikumbuka kuliko hizo zote ni ile niliyombeba mama mkwe.

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, naye alilazwa Mbale. Mtoto alikuwa amelala kwa kukingama tumboni. Asubuhi moja, kabla jua halijachomoza vizuri, daktari aliniita pembeni akaniambia mama apasuliwe siku hiyo hiyo, na isizidi saa kumi ya jioni. Baada ya hapo, alisema, hawezi kuniahidi mama wala mtoto. Nikakubali papo hapo. Mke wangu akakataa. Siku zile kwetu, mtu kuambiwa atapasuliwa ilikuwa sawa na kuambiwa aage watu. Aliitazama karatasi ya kukubali kupasuliwa, ya kuweka kidole, akaisukuma.

"Kama nakufa, nakufa mama yangu ananiona," aliniambia. "Leta yeye. Nitaweka kidole."

Nilimbembeleza, nikagomba, nikabembeleza tena. Aligeukia ukutani. Nikatoka, nikaiwasha pikipiki kwa teke, nikaondoka.

Kwao mke wangu ni Usamia, mbele ya Masafu, karibu na ziwa. Nilifika saa tatu, tope limenipanda hadi kifuani. Baba mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha kupita, na lingine lilikuwa la kesho. Lori la mwenye duka lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Palibaki pikipiki yangu, na hapo ndipo penye tatizo.

Kwa Wasamia, na kwetu Wapadhola ni hivyo hivyo, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawasemezani ana kwa ana. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Nilikuwa nimeoa miaka miwili na sikuwa nimeuona uso wa mama yule hata mara moja. Nilijua mgongo wake, na upindo wa gomesi lake, lile vazi refu la wanawake wa kwetu. Sasa ningembebaje mtu kama huyo kwenye kiti kimoja, mgongo kwa kifua, kilomita zaidi ya mia?

Majirani walijaa uani kila mmoja na shauri lake. Mmoja alisema nitembee nikiisukuma pikipiki, mama amekaa juu. Nilimwuliza kama amewahi kufika Mbale, akarudi nyuma ya wenzake. Mwisho baba mkwe akaingia ghalani, akatoka na gunia la wimbi, yaani ulezi.

"Hii ndio ukuta," alisema. "Wewe mbele, gunia katikati, yeye nyuma, yeye natazama alikotoka."

Tukalifunga gunia limesimama nyuma yangu. Mama mkwe akakaa kwenye keria akiangalia nyuma, miguu juu ya ubao tulioufunga kwa kamba. Kando yake wakaning'iniza kapu lenye jogoo wa kumpikia binti yake mchuzi. Wakatuwekea na sheria: akigonga bati la gurudumu mara mbili kwa fimbo, twende, akigonga mara moja, nisimame. Mimi nisigeuke kwa hali yoyote. Nilisema hilo ni dogo, kwani dereva anayeijua barabara hana haja ya kutazama nyuma.

Hatukuwa tumefika Masafu nikasikia sauti nyuma ya gunia. Alikuwa anazungumza na pikipiki. Lugha yake na yangu ni mbili, kwa hiyo aliisemesha kwa Kiswahili cha sokoni Busia, ili mimi mwenyewe nisikie.

"Pikipiki, ambia bwana yako, hii njia iko na mashimo."

"Pikipiki," nikajibu, "mwambie anayelalamika kwamba mashimo yote nayajua."

"Ambia yeye, kama yeye najua, kwa nini naingia ndani?"

Niliuma midomo nisicheke. Toka hapo tukaendelea hivyo, pikipiki ikiwa mkalimani wetu. Busia tukakata katikati ya watu wa soko waliotuachia njia kwa vifijo. Tororo nikajaza petroli, yeye akapewa maji ya kunywa na mwanamke mmoja wa pale. Tulipoingia barabara yangu ya Mbale, akaanza kuieleza pikipiki anayoyaona. Mwamba sasa iko mkubwa. Mwamba sasa iko kama nyumba. Mwamba nakwenda kulala nyuma ya miti. Mimi mbele yangu mlima ulikuwa unakua, yeye mbele yake mwamba ulikuwa unapungua, na nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kuwa na mtu wa kuitazama naye barabara ile.

Tukiwa tumekaribia nusu ya njia kutoka Tororo, karibu na daraja dogo, injini ikakohoa, ikafa. Nikashuka nimeinamisha kichwa. Nikaona upindo wa gomesi ukishuka vilevile, ukaelekea upande wake. Nilichomoa plagi, nyeusi tititi kwa masizi, nikaweka mpya niliyokuwa nayo mfukoni. Sikuchukua dakika kumi. Injini ikanguruma vizuri kuliko ilivyonguruma mwezi mzima. Nikakaa, nikaukazia macho mlima, nikasubiri ishara. Bati likagongwa mara mbili. Tukaondoka.

Mtu ataniuliza, hukuhisi uzito umepungua? Nilihisi. Nikajisifu kwamba nimeitengeneza. Nikawaza kuwa idara yote haina fundi anayeweza kubadilisha plagi moja na kuipa pikipiki nguvu za namna hii. Nikasikia pia sauti nyuma ikipiga kelele kwa mbali. Watu wa barabara ile walizoea kunishangilia, basi nikainua mkono juu nikawapungia, bila kugeuka. Mama mkwe alinyamaza njia nzima. Nikasema moyoni, anaombea mwanawe, nisimsumbue.

Mlinzi wa lango la hospitali aliizunguka pikipiki, akaniuliza, "Mgonjwa ni nani, huyu jogoo?"

Jogoo alirusha teke ndani ya kapu, akaligonga bati. Mara mbili.

Niligeuka hapo, mara ya kwanza siku ile. Keria tupu. Ilikuwa saa nane kasoro. Pale ndani, mita mia kutoka niliposimama, mke wangu alikuwa anamsubiri mama yake, na mama yake nilikuwa nimemwacha porini kwa sababu alienda kujisaidia, na hakuna mama mkwe duniani ambaye angelitangaza hilo mbele ya mkwewe, wala hata kwa pikipiki yake. Nilimtupia mlinzi gunia na kapu ili niwe mwepesi, nikarudi nilikotoka. Njia ile ninayoisifu sikuiona hata kidogo. Niliomba Mungu tu nimkute.

Nilimkuta. Hakuwa amekaa kungoja. Alikuwa anatembea kuelekea Mbale, viatu mkononi, na alikuwa amekwisha kutembea sana. Aliponiona, kwa mazoea aliingia majanini akanipa mgongo. Mimi nami, kwa mazoea, nikazima injini nikageukia upande wa pili. Tukasimama hivyo, watu wazima wawili na akili zetu, kila mmoja anatazama shamba lake, na jua linakwenda.

Yeye ndiye aliyevunja.

"Mkwe," alisema. Hakusema na pikipiki. "Geuka."

"Mama, siwezi."

"Geuka! Mimi nimeita wewe kwa daraja mpaka sauti imekwisha. Wewe napunga mkono. Hii heshima nakwenda kuua mtoto yangu."

Nikageuka.

Ulikuwa uso mfupi, mweusi, na vumbi lililochorwa mistari miwili na machozi. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu. Macho yalikuwa ya mke wangu, yale yale anayonitazama nayo nikisema uongo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nilitaka kusema samahani, lakini hakunipa nafasi. Alipanda akakaa akitazama mbele, akanishika kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Sasa kimbiza," alisema.

Nikakimbiza. Nimeendesha miaka arobaini, na sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile. Kila kona aliinama pamoja nami, kama mtu aliyezaliwa juu ya pikipiki. Saa tisa na nusu tuliingia wodini tumeshikana mikono, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba. Mke wangu alitutazama, mama yake na mimi, mkono kwa mkono, akaelewa haraka kuliko daktari yeyote jinsi hali ilivyokuwa mbaya. Akaomba ile karatasi mwenyewe. Kabla ya magharibi tulikuwa na binti, analia kwa hasira, na mama yake yu hai.

Wazee wa pande zote mbili walituita baadaye kwa kuvunja mwiko. Kondoo alichinjwa, tukanyunyiziwa maji yenye majani, tukaambiwa yameisha. Na kweli yaliisha. Nilipokwenda tena kwao, mama mkwe aliniona getini akageuka, nami nikaingia majanini. Ilikuwa hivyo miaka yote iliyofuata. Salamu zake nilizipata kupitia binti yangu, na mara moja moja, nikiegesha uani, nilimsikia akiiuliza pikipiki kama imeshiba.

Alipofariki, watu wa Usamia walifunua jeneza ili ndugu na majirani wamuage. Sisi waume wa mabinti zake tukapelekwa nyuma ya jiko, tusimame tumegeuka mpaka wafunike. Wenzangu watatu walinung'unika kwamba wamekula kwake miaka yote hiyo, na sasa anazikwa hawajui alifananaje. Mmoja akaniuliza kama mimi hilo halinisumbui. Nilikuwa nimefumba macho, namtazama mama mkwe, vumbi lake na ule mwanya wake.