Minazi Arobaini, Fungu la Dada

Niliacha skuli darasa la pili. Sikuacha kwa ujinga. Niliachishwa ili nimbebe ndugu yangu kitindamimba mgongoni, mama apate kwenda shamba. Nilikuwa nimeshajua kuandika jina langu na kujumlisha kwa vidole. Siku ya mwisho mwalimu alikuwa ameandika ubaoni hesabu ya kuondoa, nami sikungoja jibu lake. Jina la mwalimu yule nalikumbuka, na la babake, na majina ya wote tuliokaa nao dawati moja, mpaka yule aliyekuwa akininyang'anya kalamu. Majina hayanipotei. Ila hapa sitataja hata moja, maana wenyewe au wana wao tunapishana njiani hapa Bofu, nami sitaki kesi juu ya kesi.

Naishi na mjukuu wangu wa kike. Mamake yuko kiwandani Changamwe, huja siku za mapumziko. Mtoto huyu yuko gredi ya saba. Jumamosi moja alinijia uani na daftari lake, nami niko juu ya mbuzi nakuna nazi.

"Bibi, mwalimu anataka maneno kumi ya nyumbani, tuyageuze yawe aljebra."

"Aljebra ndiyo nani?"

"Si mtu, bibi. Ni hesabu ya herufi. Kitu usichokijua idadi yake unakipa herufi, halafu unaendelea nacho kama vile unakijua."

"Basi mimi nimefanya aljebra tangu niolewe mpaka mume wangu alipofariki."

Akacheka, akakaa chini. Tukaanza. Nikamwambia kila kikombe cha mchele huu hutaka maji vikombe viwili. Akaandika: mchele m, maji 2m. Nikamwambia nazi za leo ni pungufu ya za jana kwa tatu. Akaandika 3 − j, akaitazama, akafuta, akaandika j − 3.

"Mbona umefuta?"

"Nilikuwa namtoa mkubwa kutoka kwa mdogo, bibi. Haiwi hivyo."

"Kwetu huwa," nikamwambia. Hakunielewa, nami sikumfafanulia.

Neno la sita nilimpa la mdogo wangu wa kike, ambaye nimempita kwa miaka minne. Akaandika umri wake d, wangu d + 4. Akaniuliza d yenyewe ni ngapi, niijaze. Nikamwambia haijulikani. Siku za kuzaliwa za ndugu zangu watatu wanaume baba aliziandika kwa wino, ndani ya jalada la msahafu wake. Zetu sisi wawili hazikuandikwa. Kitambulisho changu kina mwaka aliokisia karani, akinitazama uso. Mtoto akaniangalia kidogo, akaiacha d ikabaki d.

Lilipobaki neno la kumi, nilikuwa nimechoka, mkono wauma. Likanitoka nisilolipanga.

"Andika hivi. Fungu la kaka ni mara mbili ya fungu la dada."

Maneno hayo niliyasikia kwenye matanga ya baba, siku ya tatu, mama akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Maalim alisimama barazani akaeleza mirathi, kwamba mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia. Maalim alipokwenda zake, ndugu yangu kitindamimba, yule niliyembeba, aliingia akatuambia mimi na mdogo wangu: "Mmesikia wenyewe. Nyinyi ni nusu. Sasa nusu ya minazi itakatwa vipi? Itabaki kwetu, mtakuja mle nazi." Tukaitika. Mdogo wangu hata alimshukuru. Miaka yote hiyo tukala nazi, wallahi, na kila nazi tuliiomba.

Mtoto akaandika. "Dada hatumjui, basi ni x. Kaka ni 2x. Kaka wangapi?"

"Watatu."

"Na dada?"

"Wawili."

Akapiga safu yake: 2x, 2x, 2x, x, x. Akahesabu kwa midomo. "Zote ni 8x. Bibi, wanagawana nini?"

"Minazi."

"Mingapi?"

Hilo halikunihitaji kufikiri. Minazi ile naijua kwa majina, maana kwetu kila mnazi una jina lake na mwenyewe, hata kama ardhi chini yake si yako. Upo uliofukiwa kitovu changu, karibu na kisima. Upo tuliouita Shangazi kwa sababu huinamia nyumba za watu. Upo Mchoyo, usiozaa tangu nikiwa mtoto. "Arobaini," nikasema.

"Arobaini kwa nane. x ni tano." Akaizungushia duara. "Dada anapata minazi mitano, kaka kumi."

Nikaacha kukuna. Nilimwambia arudie. Akarudia polepole, akifuata kila herufi kwa kidole, akidhani sijaelewa hesabu. Hesabu niliielewa. Nilichokuwa nikikiona ni ile siku ya pazia. Niliambiwa mimi ni nusu, nikainamisha kichwa, wala sikuuliza nusu ya nini. Nusu ya kumi ni tano. Ina idadi, ina vivuli, inaangusha makuti. Mtoto wa gredi ya saba aliipata kabla nazi moja haijaisha kukunwa.

Jumatatu yake ndugu yangu kitindamimba akaja. Si kwa sadfa. Alikuwa ameshaniletea habari kwamba ana karatasi, wanataka kuuza shamba, na mnunuzi anahitaji dole gumba la kila mtoto wa marehemu. Karatasi ilisema sisi wanawake hatuna dai. Chini yake dole la mdogo wangu lilikuwa limeshakauka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai, nina haraka. Weka dole hapa tu."

"Fungu langu ni minazi mitano," nikamwambia.

Akanitazama kama niliyesema Kichina. "Nani kakwambia?"

"Wewe ni 2x. Mimi x. Jumla nane."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Eksi! Dada, na wewe umekwenda skuli lini?"

"Niliacha darasa la pili nikubebe wewe."

Hapo kicheko kilikoma. Akaikunja karatasi mara mbili. "Mwenzako ametia dole bila maneno. Yeye ana adabu."

Jioni nilikwenda kwa huyo mdogo wangu. Nilimweleza kwa vijiti, vitano vyake na vitano vyangu. Alivitazama vile vijiti, akavikusanya akaviweka kando ya jiko. "Dada, mimi mume wangu ni mgonjwa," akasema. "Nikifukuzwa kesho nitarudi kwa nani, kwa minazi? Nyumbani ni kwa kaka. Usinitie katika herufi zako." Sikumlaumu. Namlaumu sasa, nikisimulia, halafu najuta, halafu namlaumu tena.

Mimi sikutia dole. Kaka zangu wakubwa wawili hawakusema kitu. Mmoja hasikii vizuri, na wa pili husikia anachotaka. Nikamwendea mzee wa mtaa, naye akasema jambo hili ni la kadhi likifika mbele, na mnunuzi akisikia kadhi atakimbia. Neno hilo ndilo lililomfikia ndugu yangu. Siku tatu baadaye akatuma ujumbe: niende shamba nikapewe minazi yangu, mbele ya mzee wa mtaa, maneno yaishe.

Nilivaa leso mpya. Mjukuu wangu nilimchukua, na daftari lake akalichukua mwenyewe.

Ndugu yangu alitupitisha kisimani bila kusimama. Alipita mnazi wa kitovu changu, akapita Shangazi na mingine yote inayozaa, akatupeleka mpaka bondeni mwisho, ambako maji ya mvua hutuama. Akahesabu kwa sauti, akiupiga kila mnazi kwa kofi. "Mmoja. Miwili. Mitatu. Minne." Wa tano ulikuwa Mchoyo. Mitatu kati yake haikuwa na kichwa. Ilikuwa imeliwa na wale wadudu chonga, imebaki magogo yaliyosimama.

"Mitano," akasema. "Eksi yako hiyo. Mzee, si mitano?"

Mzee wa mtaa akahesabu. "Ni mitano."

"Mbona hii haina nazi?" mtoto akauliza.

"Daftari lako lilitaka nazi?" akajibiwa. "Lilitaka idadi."

Ningeweza kukataa. Nilisimama pale, tope limeingia kandambili, nikijua kwamba nikikataa nitaondoka bila hata mmoja, na nikikubali atasema popote kwamba dada alipewa fungu lake kwa haki. Nikakubali. Nikatia dole kwenye karatasi nyingine iliyosema nimepokea mitano, na hiyo haikuwa uwongo.

Shamba liliuzwa, isipokuwa lile bonde. Mnunuzi amezungusha ukuta na kuweka geti, na njia ya kwenda bondeni ni hiyo hiyo ya getini. Daftari lilirudi na alama ya vyema kwenye neno la kumi, na mwalimu akaandika pembeni kwamba mfano huu ni mzuri. Mtoto alinionyesha akiwa na furaha, nami nikafurahi naye, sikumharibia.

Makuti ya Mchoyo yakianguka naenda kuyaokota, ni mazuri kwa kuwashia moto. Nafika getini, napiga hodi, nangoja askari amalize chai yake. Huniuliza kila mara nakwenda kwa nani, na kila mara namjibu: nakwenda kwangu.